UZI: Kampuni ndogo ya usafi, kulipia cheti cha ISO 9001 ni faida au ni kupigwa?

Fagio Jipya (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Kampuni ni ya usafi, ipo Dar, ina watu 14: wapiga deki 11, wasimamizi wawili na mmoja wa ofisini. Kazi ni za ofisi na kliniki mbili ndogo. Mezani kuna karatasi tatu na zote zinataka hela:

1. Kampuni ya ushauri inaahidi cheti cha ISO 9001 (kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora) "ndani ya siku 10" kwa shilingi milioni 4.5. Ushauri na cheti humohumo.
2. Shirika la ukaguzi limeandika bei kwa siku za ukaguzi. Ukijumlisha na mshauri wa kujitafutia mwenyewe, inafika milioni 15 kwa miaka mitatu.
3. Barua ya kuteuliwa kuwania tuzo ya "kampuni bora ya usafi". Meza na kikombe unalipia mwenyewe.

Mpaka sasa hakuna mteja aliyedai cheti. Ila benki moja imetuma fomu ya wazabuni, na kipengele kimoja kinasema "eleza mfumo wenu wa usimamizi wa ubora, ISO 9001 au unaolingana nao". Nishike ipi, nitupe ipi?

Kipanga wa Temeke
Namba 3 tupa kapuni. Kikombe ulichojilipia mwenyewe hicho ni cha kunywea chai.

Mkaguzi Huru
Tuanze na maneno, maana hapo ndipo watu wanapopigwa. ISO yenyewe, ya pale Geneva, inaandika viwango tu. Haikagui kampuni wala haitoi cheti. Cheti kinatolewa na shirika la ukaguzi, na shirika hilo nalo linakaguliwa na chombo kilicho juu yake. Huko kukaguliwa kwa mkaguzi ndiko kunakoitwa ithibati. Kwa hiyo mtu akikuambia "tutawapa ithibati ya ISO", ama hajui kazi yake au anajua sana. Wewe unapata cheti, ithibati ni ya anayekupa.

Vyombo vya ithibati vinajulikana: SADCAS yenye ofisi Gaborone kwa nchi za SADC, KENAS kwa Wakenya, SANAS Afrika Kusini, UKAS Uingereza, NABCB India. Waulize wote wawili, wa siku 10 na wa milioni 15: ithibati yenu ni ya chombo gani, namba yake ngapi, na inagusa ISO 9001 kwa sekta ya huduma kama yangu? Wakishajibu, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya chombo hicho utafute jina lao. Usibofye kiungo walichokutumia, wapo waliojitengenezea hadi "chombo cha ithibati" chao wenyewe, chenye nembo nzuri kuliko ya UKAS. Kuna pia IAF CertSearch, unaingiza jina la kampuni iliyokwisha kupewa cheti na shirika hilo unaona kama ipo. Ni bure.

Huyo wa siku 10 ameshajifunga mwenyewe. Kiwango kinachoongoza mashirika ya ukaguzi, ISO/IEC 17021-1, kinakataza shirika linalotoa cheti kumpa mteja huyohuyo ushauri wa kuutengeneza mfumo. Hawezi kukuandalia mtihani, akakuandikia majibu, kisha akausahihisha. Na siku 10 hazitoshi kwa sababu ya kawaida kabisa: mkaguzi anataka kuona kumbukumbu za kazi iliyofanyika, na kwa kampuni ndogo wengi hutaka ziwe za miezi mitatu hivi.

Fagio Jipya
Nimekupata mkuu. Huyu wa pili ameandika siku 5 za ukaguzi wa kwanza. Ni sahihi kwa watu 14?

Mkaguzi Huru
Hapana, ni mara mbili ya zinazotakiwa. Kuna waraka wa IAF (jumuiya ya kimataifa ya vyombo vya ithibati) unaoitwa MD 5, una jedwali la siku za ukaguzi wa kwanza kwa idadi ya watu. Kwa ISO 9001:

watu 1 hadi 5: siku 1.5
watu 6 hadi 10: siku 2
watu 11 hadi 15: siku 2.5
watu 16 hadi 25: siku 3
watu 26 hadi 45: siku 4

Siku moja ni saa nane, na hesabu hiyo ni ya hatua ya kwanza (kupitia nyaraka na utayari) na ya pili (kukagua kazi yenyewe) kwa pamoja. Kampuni yako inaanzia 2.5. Tena waraka unaruhusu kupunguza hadi 30% kukiwa na sababu, na mojawapo ya sababu ni wafanyakazi wengi kufanya kazi ya aina moja iliyo rahisi. Wapiga deki 11 ndiyo hao. Wanaweza pia kuongeza, kwa mfano kama maeneo ya kazi yametawanyika, lakini waandike sababu. Ukaguzi wa ufuatiliaji wa kila mwaka ni kama theluthi ya ule wa kwanza, na wa kuhuisha baada ya miaka mitatu ni kama theluthi mbili.

Kwa hiyo mzunguko wako mzima ni siku 2.5, kisha siku moja, kisha siku moja. Waombe wakuonyeshe hesabu iliyowafikisha kwenye 5. Mara nyingi bei inashuka hapohapo. Uliza pia nauli na malazi ya mkaguzi: akitoka Nairobi au Johannesburg, tiketi na hoteli ni juu yako, na kwenye karatasi ya bei imeandikwa kwa herufi ndogo kabisa.

Hesabu Kali
Nawaongezea kalamu.

Milioni 15 kwa miaka mitatu. Tuseme faida yako halisi ni 12% ya mauzo baada ya mishahara, sabuni, nauli na kodi (weka asilimia yako, huu ni mfano). 15 gawanya kwa 0.12 ni milioni 125. Hayo ni mauzo mapya ambayo bila cheti usingeyapata, ndipo urudishe hela yako bila senti ya juu. Kwa miezi 36 ni kama milioni 3.5 kila mwezi. Mkataba ukiingia mwezi wa 13, imebaki miezi 24, inakuwa milioni 5.2 kwa mwezi.

Bado VAT. Kama mauzo yako hayajafika milioni 200 kwa mwaka na hujasajiliwa, VAT ya kwenye ankara yao huwezi kuidai popote. Ikiwa ni 18%, 15 inakuwa 17.7, na mauzo ya kuirudisha yanapanda hadi milioni 147.5.

Shirika likiwa la nje na halina ofisi hapa, kuna kodi ya zuio ya 15% kwa huduma ya asiye mkazi, unaikata kwenye malipo yao na kuipeleka TRA. Wengi wataandika "tulipwe kamili bila makato". Maana yake kodi hiyo unaibeba wewe: kila milioni moja wanayopokea inakugharimu 1,176,000 na ushee. Lijadili kabla ya kusaini, ukishasaini umeumia.

Na hesabu ya mtu anayesahaulika: msimamizi mmoja atakaa na makaratasi. Kwa kampuni ya watu 14, nusu siku kila wiki si kidogo.

Mzee wa Zabuni
Hesabu Kali kamaliza upande wa hela, mimi niseme upande wa kazi. Kwenye tenda za serikali zinazopita NeST (mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni), tathmini inafanyika kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye nyaraka za zabuni, basi. Kama cheti hakikuombwa, ukikiambatisha hupati hata alama moja. Kwa hiyo kabla ya kulipa, chukua nyaraka kumi za zabuni za usafi za mwaka huu unazoweza kuziomba kwa ukubwa wako. Fungua sehemu ya vigezo vya sifa na tathmini, uandike pembeni wangapi wameomba ISO 9001, wangapi wameomba uzoefu wa mikataba inayofanana, wangapi wametaka taarifa za benki au hesabu zilizokaguliwa. Hiyo orodha yako mwenyewe ina thamani kuliko maoni yetu wote humu.

Makampuni madogo ya usafi huenguliwa kwa vitu vya kawaida: cheti cha mlipakodi kimeisha muda, leseni ya biashara ni ya mwaka jana, ritani za BRELA (msajili wa makampuni) hazijapelekwa au taarifa za wamiliki manufaa, yaani wamiliki halisi wa kampuni, hazijajazwa, barua za wateja hazionyeshi thamani wala muda wa mkataba. Barua inayosema "walifanya kazi vizuri" haina kazi. Iseme: mita za mraba ngapi, wafanyakazi wangapi, kuanzia lini hadi lini, shilingi ngapi kwa mwezi.

Kama wamiliki ni vijana, wanawake au watu wenye ulemavu, angalieni utaratibu wa makundi maalumu, 30% ya bajeti ya ununuzi ya taasisi imetengwa huko. Huo ni usajili unaofungua mlango wa kazi moja kwa moja, tofauti na cheti cha ukutani.

Tahadhari nyingine. Mkisikia mtu anauza "usajili wa mzabuni wa Umoja wa Mataifa", kimbieni. UNGM unajisajili mwenyewe mtandaoni na ni bure.

Dada wa Usalama Kazini
Naomba nisogeze mjadala nyuma kidogo. Kuna vyeti vya hiari na kuna vya lazima, na nimeona watu wakikimbilia vya hiari huku vya lazima vinawasubiri. Sehemu ya kazi isajiliwe OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) na ikaguliwe. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni 0.5% ya mishahara na analipa mwajiri. NSSF, michango ya hifadhi ya jamii, jumla 20% ya mshahara. Mteja mwenye akili, hasa benki na balozi, atadai uthibitisho wa hivi kabla hajauliza ubora, kwa sababu mpiga deki wako akiteleza kwenye ngazi zake, kesi inaanzia kwake.

Tena angalieni wigo. Je, mnapuliza dawa za mende na kunguni? Kama ndiyo, hiyo si kazi ya usafi tena, ni ya viuatilifu, na kibali chake kiko TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kampuni nyingi zinaandika "usafi na fumigesheni" kwenye kipeperushi bila kibali hicho. ISO 9001 haikifidii.

Fagio Jipya
Hatupulizi dada. OSHA tunayo, WCF ipo, NSSF ina miezi miwili nyuma.

Dada wa Usalama Kazini
Basi hiyo miezi miwili ndiyo matumizi yako ya kwanza.

Mwenyeji wa Ngara
Salamu kutoka Nairobi. Huku hali ni ileile ila majina tofauti. Tenda za serikali huku watu wanahitaji cheti cha kodi cha KRA, kinachotoka iTax na kudumu miezi 12, leseni ya kaunti, na kwa vijana, akina mama na walemavu cheti cha AGPO ambacho ni bure. Ukiona mtu anakutoza kukupatia AGPO, huyo ni dalali tu. Wanaopuliza wadudu wanahitaji leseni ya PCPB, bodi ya viuatilifu ya Kenya. ISO 9001 huku KEBS (shirika la viwango la Kenya) pia hutoa vyeti, lakini kwa kampuni ya watu kumi na kitu mara nyingi huulizwa na mashirika ya kimataifa na viwanda vya chakula, si na mwenye jumba la ofisi.

Mbongo wa Ohio
Niongeze la Marekani kwa wadau wa huku, maana swali ni lilelile na Waswahili wengi tupo kwenye usafi wa nyumba na maofisi. Huku kinachouzwa ni kibali cha BBB (Better Business Bureau), shirika la tangu 1912 linalopokea malalamiko ya wateja na kuzipa biashara alama. Unalipa kila mwaka, ada inategemea tawi la eneo lako na idadi ya wafanyakazi, nawe unapewa nembo ya kubandika kwenye tovuti.

Wasichokuambia wauzaji wa simu: biashara isiyolipa nayo inaweza kuwa na ukurasa na alama, kuanzia A+ hadi F. Alama inatokana na malalamiko, jinsi ulivyoyajibu, muda uliokaa kwenye biashara na mambo kama hayo. Zamani kulipia kuliongeza alama. Mwaka 2010 televisheni ya ABC ilionyesha watu waliolipia tawi la Los Angeles wakapata alama nzuri kwa biashara za kubuni, mojawapo ikiwa imesajiliwa kwa jina la Hamas, na baada ya hapo malipo yakaondolewa kwenye hesabu ya alama. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kujaza ukurasa wa bure na kujibu malalamiko kwa wakati.

Anayeweza kunufaika na nembo ile ni anayeuza kwa wenye nyumba, hasa wazee wanaopiga simu BBB kabla ya kumruhusu mtu aingie. Anayesafisha maofisi haimsaidii sana. Meneja wa jengo anataka cheti cha bima ya dhima chenye jina la jengo lake kama mnufaika wa nyongeza, na dhamana ya wizi wa wafanyakazi. Bila karatasi ya bima hupewi ufunguo, hata ukiwa na nembo tano.

Mchumi wa Kariakoo
Mnazungumza kisomi sana wakuu. Mtaani kuna kampuni zimebandika vyeti vya siku 10 na kazi wanapata. Milioni 4.5 dhidi ya 15, nani mjinga?

Mzee wa Zabuni
Wanapata kazi kwa mteja asiyekagua, na mteja asiyekagua angewapa hata bila cheti. Kwa hiyo 4.5 yote imepotea. Akitokea anayekagua, umewasilisha nyaraka isiyo ya kweli. Kwenye ununuzi wa umma hilo linaweza kukufikisha PPRA, mamlaka ya ununuzi wa umma, ukafungiwa kushiriki zabuni, na ukifungiwa unafungiwa na jina la kampuni.

Mkaguzi Huru
Mtu asidhani naponda ISO 9001 yenyewe. Ikifanywa kweli, ina faida kwa kampuni ya usafi. Niwaonyeshe ukaguzi wenyewe unavyokwenda, maana wengi wanadhani ni mafaili.

Mkaguzi ataomba kwenda kwenye eneo la mteja, tuseme hiyo kliniki. Atafungua stoo ya mopu. Ataangalia kama ndoo zina rangi na rangi zinafuatwa: nyekundu ya chooni, bluu ya maeneo ya kawaida, kijani ya jikoni, njano ya sehemu za matibabu. Kisha atamuuliza mpiga deki, si wewe: "Damu ikimwagika hapa unachanganya vipi dawa?" Jiki ya 3.5% ukitaka 0.5% ni kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo sita vya maji. Akijibu "namimina kiasi", umepata dosari ya kwanza, na si yake. Ni ya mafunzo yako. Atauliza tena kama jiki na ile asidi ya kusafishia vyoo zinakaa rafu moja, kwa sababu zikikutana hutoa gesi ya klorini. Halafu ataona chupa ya maji ya kunywa iliyomiminiwa kimiminika cha bluu bila lebo. Karibu kila stoo ina chupa hiyo.

Ofisini ndiko makosa yanakofanana:

Nyaraka zimenakiliwa. Ukurasa wa 14 unataja "mashine za kuoka" kwa sababu mshauri aliuchukua kutoka kwa mwenye kiwanda cha mikate.

Rejista ya malalamiko iko tupu. Mnadhani inapendeza. Mkaguzi anaona kampuni ambayo malalamiko yanaishia kwenye WhatsApp ya msimamizi. Andikeni: tarehe, mteja, tatizo, chanzo, kilichofanyika, nani alihakiki.

Ukaguzi wa ndani umefanywa wiki moja kabla, na aliyejikagua ni yeye mwenyewe. Wasimamizi ni wawili, basi mmoja akague eneo la mwenzake.

Wigo umejazwa. "Usafi, bustani, ulinzi, ukusanyaji taka." Kila neno utaliletea ushahidi. Andika "huduma za usafi wa majengo ya ofisi na kliniki", inatosha.

Dosari kubwa isipofungwa na kuhakikiwa ndani ya miezi sita tangu siku ya mwisho ya hatua ya pili, hatua hiyo inarudiwa, na unailipia. Ukaguzi wa ufuatiliaji wa kwanza lazima ufanyike ndani ya miezi 12 tangu uamuzi wa kukupa cheti. Wengi wanaishia hapo: hela ya mwaka wa pili haikutengwa, cheti kinasimamishwa, kisha kinafutwa, na cha ukutani bado kinang'aa.

Dogo la mwisho. Nembo ya ISO hairuhusiwi kubandikwa kwenye gari wala sare, ni mali ya ISO. Unatumia alama ya shirika lililokupa cheti kwa masharti yao, na maneno yawe "ISO 9001:2015", si "ISO" peke yake.

Fagio Jipya
Asanteni sana. Wa siku 10 na wa kikombe nimeshawajibu hapana. Sasa hii fomu ya benki inatakiwa Ijumaa, na imeandika "au unaolingana nao". Nijaze nini bila kudanganya?

Mkaguzi Huru
Neno "unaolingana nao" ndilo mlango wako. Andika wazi kwamba hamna cheti, halafu eleza mnachofanya. Maelezo ya kurasa mbili yanatosha, na viambatisho hivi: mchoro wa hatua za kazi kutoka kupokea mkataba hadi ukaguzi wa eneo, fomu ya ukaguzi wa kila siku iliyojazwa (siyo tupu), orodha ya mafunzo yenye sahihi za wafanyakazi, jedwali la kuchanganya dawa, kurasa mbili za rejista ya malalamiko yenye hatua zilizochukuliwa, na jina la anayewajibika kwa ubora. Kisha wapigie simu uulize kipengele hicho kina alama ngapi kati ya mia. Wakikuambia 5, endelea na maisha. Wakikuambia ni sharti la kuingia, na mkataba wao unazidi ile hesabu ya Hesabu Kali, ndipo urudi kwa namba 2 mkajadiliane siku za ukaguzi.

Hesabu Kali
Na ukijaza bei kumbuka watakata 5% ya zuio kwenye ada ya huduma. Kwa 3.5 ni 175,000 kila mwezi. Inarudi kwenye hesabu za kodi yako mwisho wa mwaka, lakini mishahara haisubiri mwisho wa mwaka. Dai cheti cha zuio kila malipo.

Fagio Jipya
Sawa wakuu. NSSF nakwenda kesho asubuhi. Naambatisha na picha za stoo, ndoo zetu zina rangi zote nne.

Dada wa Usalama Kazini
Piga picha baada ya kutoa ile chupa ya bluu.

Fagio Jipya
Umejuaje dada 😅